Kabla ya Fomu, Nenda Karakana

Friji la nyumbani kwangu lilikula gesi mwaka mzima. Kila baada ya miezi miwili mitatu linaacha kugandisha, naita fundi, anaweka sikio nyuma ya friji kama daktari, kisha anatoa hukumu ile ile: "Gesi imeisha, mzee." Anaongeza, analipwa, anaondoka. Wa kwanza alifanya hivyo. Wa pili akafanya hivyo. Wa tatu alimtukana kwanza wa pili, halafu naye akafanya vivyo hivyo.

Wa nne alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, begi mgongoni, amesomea friji na viyoyozi chuo cha ufundi cha VETA. Nilipomwambia gesi imeisha, aliniuliza swali ambalo wale watatu hawakuwahi kuuliza: "Imeishia wapi?" Akanieleza, huku akifungua begi, kwamba gesi ya friji haiishi kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, na friji zima linaweza kukaa miaka na miaka na gesi ile ile liliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali pamevuja. Akakoroga povu la sabuni kwenye kikombe, akajaza nitrojeni kwenye mfumo, akawa anapaka povu kwa brashi, kiungo kimoja baada ya kingine. Nyuma kabisa, karibu na kompresa, povu likaanza kutoa vipovu vidogo vidogo kama mate ya mtoto mchanga. "Huyu hapa," akasema. Akapachomelea, akapima tena, akafunga pampu ya kuvuta hewa na unyevu, akaiacha inanguruma zaidi ya nusu saa mpaka nikadhani ameisahau. Mwisho akaweka mtungi wa gesi juu ya mizani na kujaza kwa gramu, sawasawa na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha friji lenyewe.

Bei yake ilikuwa mara mbili ya wale wengine. Nililipa bila kuomba punguzo.

Nimeanza na friji kwa sababu msimu wa simu umefika. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, ndugu na majirani hunipigia, wengine hata salamu hawamalizi. Mtoto amepata divisheni four ya pointi 28, tumpeleke wapi? Kabla sijajibu, wenyewe wameshajibu: "Basi aende tu VETA."

Lile "tu" ndilo linalonikera. Mtoto analisikia. Anaingia karakana siku ya kwanza akiwa ameshaambiwa na familia yake kwamba amefika pale kwa kukosa pa kwenda, na mtu anayejiona ametupwa hapaki povu kiungo kwa kiungo. Anaongeza gesi, anaondoka. Mafundi wengi wabovu tunaowalaani mtaani tumewatengeneza wenyewe sebuleni kwetu, kwa neno hilo moja.

Na ajabu ni kwamba lugha yenyewe haikubaliani na dharau hiyo. Fundi, mafunzo, mwanafunzi, kufundisha: yote ni maneno ya ukoo mmoja. Mtu akicheza mpira vizuri tunamwita fundi. Akijua kuzungumza, fundi wa maneno. Ni pale tu anaposhika spana ndipo sifa inageuka kuwa pole.

Sasa tuingie kwenye ushauri wenyewe, na wa kwanza ndio mkubwa kuliko yote yatakayofuata: chagua kazi kabla ya kuchagua chuo. Wengi hufanya kinyume. Husikia fomu zimetoka, hukimbilia chuo kilicho karibu, husoma orodha ya fani ukutani, huweka tiki kwenye ile iliyotajwa na jirani. Kijana anaandika "umeme wa magari" hajawahi hata siku moja kulala chini ya gari.

Mpwa wangu alikuwa hivyo. Magari alikuwa anayapenda, yaani anapenda kuyaangalia yakipita. Nikamwombea nafasi ya wiki mbili kwenye gereji ya rafiki yangu, bila malipo, kazi yake kuosha vipuri kwa petroli na kushika tochi. Siku ya kumi alikuja nyumbani oili imemwingia hadi sikioni, akakaa kimya, kisha akasema, "Mjomba, si mimi." Jirani na gereji ile palikuwa na jamaa wanaotengeneza madirisha ya alumini. Kumbe kila mchana alikuwa anakwenda kuwaangalia wanavyopima na kukata. Kilichomvutia ni kwamba ukikosea milimita tatu dirisha halifungi, na ukipatia linateleza kwa kidole. Leo anafanya kazi hiyo. Zile wiki mbili ziligharimu nauli na chakula cha mchana. Bila hizo ningelipa mwaka mzima wa fani asiyoitaka.

Kwa hiyo mzazi, kipindi kile kati ya mtihani na matokeo, ambacho watoto hukimaliza kwenye simu, kitumie. Mpeleke kwa seremala wiki mbili, kwa mchomeleaji wiki mbili, kwa fundi bomba wiki mbili. Atarudi amechoka na amechafuka. Usimuulize kama amefurahia, maana wa umri huo atakujibu "fresh tu". Angalia kama kesho yake anaamka mwenyewe.

Jambo la pili ni soko, na soko halihitaji utafiti wa chuo kikuu. Tembea mtaa wako ukihesabu vibao. Katika miji yetu mingi utakuta mafundi cherehani watano katika hatua mia moja, mafundi simu ndio usiseme, na kila nyumba ya tatu ina kijana anayejiita fundi umeme. Sisemi fani hizo hazilipi. Zinalipa, lakini zinamlipa aliye bora kwa mbali, yule ambaye wateja wanapita vibanda vinne kumfuata. Asiyeweza kuwa huyo atagombania makombo. Kisha jiulize ni fundi gani ambaye ukimhitaji unapiga simu tatu bila kumpata. Kwangu mimi orodha inaanza na fundi bomba anayejua kuunganisha mabomba ya PPR yasivuje ukutani. Anafuata wa viyoyozi, wa pampu za visima, wa kusuka upya mota zilizoungua, wa lifti, na wa kufunga umeme wa jua ambao betri zake hazifi baada ya mwaka. Dar es Salaam, bajaji na magari mengi yamehamia kwenye gesi asilia, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina karakana ya kufunga mifumo hiyo. Miaka kumi na tano iliyopita hakuna mzazi ambaye angemwambia mwanawe akasomee gesi ya magari. Fani mpya huzaliwa hivyo, na anayewahi ndiye anayewafundisha wengine.

Tahadhari moja kuhusu miradi mikubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kila kipande cha bomba lazima kiungwe na kingine kwa kuchomelewa, kwa kiwango ambacho mchomea mageti wa kawaida hajawahi kukifikia. Vijana waliokuwa na vyeti vya uchomeleaji vya ngazi hiyo walikuwa na la kusema mezani. Lakini bomba huisha kujengwa. Reli huisha kutandikwa, bwawa huisha kujazwa. Usichague fani kwa sababu ya mradi mmoja unaotangazwa kwenye redio. Chagua fani ambayo mradi ukiisha bado kuna watu wanaihitaji, na mradi uuchukue kama shule ya kulipwa.

Haya, chuo. Tanzania Bara, VETA ndiyo jina kubwa, iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 1994, na hata wanaosoma vyuo vya mashirika ya dini utasikia wanasema "nipo VETA". Vyeti vyake vina ngazi tatu. Wazee bado wanaziita "trade test", na ukimwambia bosi wa miaka hamsini una "level two" anaweza kukuuliza hiyo ni grade ngapi, usikasirike. Kwa miaka mingi ada ya vyuo vya VETA vyenyewe kwa kozi ndefu imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa anayetoka nyumbani na Sh 120,000 kwa anayelala bweni. Wengi wakisikia hivyo hawaamini, kisha wanapopewa orodha ya mahitaji mengine (sare, buti, vifaa, bima, godoro) wanaamini kupita kiasi. Omba orodha nzima kabla ya kuuza mbuzi.

Kuna mlango mwingine ambao watu wa mijini hawaujui. Ni vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, ambavyo viko zaidi ya 50 na vingi vipo wilayani, mbali na kelele. Vinafundisha uashi, useremala, ushonaji, kilimo, umeme, na vipo vinavyompokea mama kijana pamoja na mtoto wake, jambo ambalo limewarudisha masomoni wasichana ambao shule iliwafungia mlango. Zanzibar nako neno ni "amali": kuna Mamlaka ya Mafunzo ya Amali yenye vituo Unguja na Pemba. Neno hilo sasa limevuka maji, kwani mtaala mpya wa Bara ulioanza kutumika mwaka 2024 una mkondo wa amali kwenye sekondari, ambako mtoto anasoma fani huku akiendelea na masomo mengine. Ambaye mwanawe bado yuko darasa la sita au la saba aufuatilie mkondo huo kwa macho mawili, aulize shule ipi ina karakana kweli na ipi ina kibao tu.

Vyuo binafsi vipo vizuri na vipo vya ovyo. Kwanza usajili: chuo kionyeshe namba yake ya usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na si usajili wa chuo tu, bali wa fani unayoitaka. Kimoja kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ushonaji kikakufundisha umeme. Baada ya hapo nenda mwenyewe, siku ya kazi, saa nne asubuhi, bila taarifa. Usikae ofisini kunywa soda ya mkuu wa chuo. Omba kuona karakana. Hesabu mashine, kisha hesabu wanafunzi. Angalia kama mashine zina waya. Nimewahi kuoneshwa karakana ya uchomeleaji safi kama zahanati, sakafu inang'aa, hakuna hata doa la cheche. Nikaelewa kuwa pale watoto wanachora mashine kwenye madaftari. Karakana inayofanya kazi inanuka. Kisha tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili nje ya geti, mnunulie muhogo, muulize ameshika kifaa chenyewe mara ngapi wiki iliyopita. Huyo ndiye prospektasi.

Uliza pia kuhusu fildi. Nani anamtafutia mwanafunzi mahali pa mazoezi, chuo au yeye? Anakaa miezi mingapi? Kuna mfumo wa uanagenzi ambao mwanafunzi anagawanya muda kati ya darasa na kiwanda au hoteli, na nikipewa kuchagua ningeuchagua huo kuliko wowote. Mtaa hukufundisha mkono, chuo hukufundisha kwa nini. Wale mafundi wangu watatu wa friji walikuwa na mkono. Binti alikuwa na vyote, kwa sababu baada ya chuo alikaa miaka miwili chini ya bosi anayehudumia vyumba vya baridi vya samaki, ambako ukikosea si maziwa ya mtu mmoja yanayoharibika, ni tani.

Na usidanganywe kwamba ufundi ni kwa wasiojua hesabu. Ramani ya nyumba ni hesabu. Ukubwa wa waya kwa mzigo fulani ni hesabu. Kukadiria mbao bila kubakiza vipande vya hasara ni hesabu. Kwenye saiti utaona watu wawili wenye mwiko mmoja, mmoja analipwa kama kibarua na mwingine anaitwa "fundi mkuu", na tofauti yao mara nyingi ni kwamba huyu wa pili anaweza kuifungua ramani na kuisoma. Kijana aliyefeli hesabu kwa sababu hakuona kazi yake huenda akazipenda akiziona zimegeuka kuwa ngazi inayopandika. Lakini asitegemee kuzikwepa.

Sasa kuna wale ambao wamekwisha kujifunza mtaani miaka mitano, kumi, na hawana karatasi. Hawa hawahitaji kuanza upya. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa, mapengo yako yanafundishwa, unapewa cheti. Wazee wengi wa gereji wanaona aibu kukaa darasani na vijana. Nawaambia hivi: zabuni ya halmashauri haimjui mzee, inajua cheti.

Kwenye umeme hasa, karatasi ni zaidi ya heshima. Anayefanya kazi ya kufunga umeme kwenye majengo anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na leseni hiyo ina madaraja yanayotegemea elimu na uzoefu. Unajua kinachotokea mtaani. Fundi asiye na leseni anasuka nyumba nzima, na ikifika wakati wa kuomba umeme TANESCO anaanza kutafuta mwenye leseni wa kumgongea muhuri. Mwenye leseni anakula pesa kwa kugonga muhuri. Aliyetoka jasho anaitwa kishoka. Na nyumba ikiungua, huyo wa muhuri hajawahi hata kuiona. Kijana anayesomea umeme aanze kuuliza njia ya leseni akiwa bado chuoni, asiache hadi mteja amuulize.

Kuhusu kuendelea na masomo, mlango haufungwi kama watu wanavyodhani. Aliyefika ngazi ya tatu ya ufundi stadi, akiwa na cheti chake cha kidato cha nne, anaweza kuomba kuingia vyuo vya kati, apande hadi stashahada, na wapo walioendelea hadi shahada ya uhandisi. Sharti ni lile alilolitupa pembeni kwa hasira: cheti cha kidato cha nne. Kwa hiyo kama ana masomo mawili aliyoanguka vibaya, arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea wakati anasoma fani. Jioni zipo.

Siandiki haya kumkataza mtu chuo kikuu. Mtoto mwenye divisheni one ya sayansi anayetaka kuwa daktari, mwache akawe daktari, tutamhitaji. Ugomvi wangu ni na ile shahada ya kuchukua kwa sababu kila mtu anachukua, miaka miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu au minne ya chuo, na mwisho kijana wa miaka 24 anarudi nyumbani na bahasha. Siku hizi utawakuta wenye shahada ndani ya karakana za VETA, wamekaa benchi moja na waliomaliza darasa la saba, wanajifunza kuchomelea. Hakuna aibu hapo. Ila njia ile wangeweza kuifupisha, na deni la mkopo wasingekuwa nalo. Kipimo changu ni rahisi: kama hawezi kueleza kwa sentensi mbili kazi atakayoifanya na shahada ile, na nani anayeilipa, asubiri kwanza.

Kwa mabinti nina neno la pekee. Ukienda vyuo vingi utawakuta wamejazana kwenye ushonaji na mapishi, na ukiuliza utasikia "wamependa wenyewe". Wengine kweli. Wengine walipelekwa huko na mzazi aliyeogopa mikono ya mtoto kuharibika. Fundi wa kike wa umeme, bomba au viyoyozi ana kitu ambacho hakiandikwi kwenye cheti: mama aliye nyumbani peke yake na watoto humfungulia mlango bila wasiwasi. Mke wangu tangu ampate yule binti wa friji hataki kusikia fundi mwingine anaingia chumbani kufungua kiyoyozi. Lakini binti aulizie mazingira ya fildi kabla ya kwenda, na akiona bosi ana mikono inayopotea njia, aondoke siku hiyo hiyo na chuo kiambiwe.

Nifike sasa kwenye ugonjwa unaoua mafundi wengi kuliko shoti ya umeme. Unaitwa advansi.

Mteja wa kwanza anatoa nusu ya hela ya kabati. Fundi ana kodi ya nyumba, anailipa kwa hela ile. Anakuja mteja wa pili na advansi ya kitanda. Kwa hela hiyo ananunua mbao za kabati la wa kwanza. Wa tatu analipa ili kitanda cha wa pili kianze. Hapo fundi si seremala tena, ni mtu anayekimbia mbele ya deni lake mwenyewe. Anaanza kuzima simu. Anaanza kusema "kesho jioni" huku anajua haiwezekani. Mtaa una majina kwa watu hao, kanjanja, fundi maiko, na jina hilo ukishalipata haliondoki hata ukihama wilaya, kwa sababu wateja wana makundi ya WhatsApp. Chuo hakifundishi dawa yake, kwa hiyo niiandike hapa. Kuwa na laini ya pili ya simu kwa ajili ya hela za wateja tu, na hela ikiingia humo inatoka kununua vifaa vya mteja yule, si kitu kingine. Ufundi wako ulipwe mwisho, au kwa hatua mlizokubaliana. Andika makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari: kazi gani, vifaa gani, bei gani, siku gani. Piga picha. Na siku usipoweza kufika, piga simu wewe kabla hujapigiwa. Fundi wa wastani anayesema saa mbili na akafika saa mbili ana kazi mwaka mzima. Nimeshuhudia mafundi hodari kupita kawaida wanaokaa bila kazi kwa sababu neno lao halishikiki.

Vifaa vinatoka wapi? Cheti bila sanduku la vifaa ni karatasi. Anza kununua ukiwa chuoni, kidogo kidogo, bora kimoja kizuri kuliko vitano vya kuvunjika. Mchomeleaji asikose miwani na kinga ya uso, na hapa sitanii: macho hayana spea. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na hupitia vikundi. Ukiingia kwenye kikundi, ingia na watu wa fani zinazotegemeana, mwashi, fundi bomba, fundi umeme, fundi rangi, ili mteja akimpata mmoja awe amewapata wote. Kikundi cha watu wasiofahamiana walioungana kwa ajili ya mkopo hufa mkopo ukifika.

Na kwa kuwa hakuna mwajiri atakayekukata makato, jikate mwenyewe. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unapokea wanaojiajiri. Mgongo wa mwashi haudumu kama mgongo wa karani, na miezi ya masika saiti husimama. Asiyeweka akiba kiangazi hukopa mvua zikianza, kisha kazi zikirudi anafanya za kulipa deni.

Mzazi uliyefika hadi hapa, wiki hii usijaze fomu yoyote. Jumatatu mchukue mwanao mwende pamoja kwenye karakana moja, mkae pembeni saa mbili, uangalie anakotazama. Fomu ikitoka, fani aandike yeye mwenyewe. Na akihitimu, sherehe ya mahafali mfanyieni ndogo ya ndani. Hela ya ukumbi na keki ikamnunulie drili.